Zebaki katika Maji ya Ardhioevu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wavuvi, walimu, maofisa wa mazingira na watu wanaoishi kando ya vinamasi. Nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo wengi hukwama, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni jepesi. Msimamo wangu nausema mapema: tumezoea kuuliza "kuna zebaki kiasi gani?" wakati swali zito zaidi ni "zebaki hiyo iko katika umbo gani?" Kinamasi kilichopokea zebaki kidogo tu kutoka angani kinaweza kuwa na samaki wenye sumu kuliko mto unaopita kando ya machimbo ya zamani.

Zebaki huwa na maumbo gani majini?

Yako matatu yanayotuhusu. La kwanza ni zebaki tupu, ile metali ya majimaji inayofahamika na wengi. Ikiwa majini huwa kama gesi iliyoyeyuka kidogo, na ikipata nafasi hutoroka hewani. La pili ni ioni ya zebaki, yaani zebaki iliyopoteza elektroni mbili. Hii haitoroki. Hung'ang'ania chochote chenye salfa: mboji, tope, salfaidi. La tatu ni methilizebaki, yaani ioni hiyohiyo ikiwa imefungwa na kikundi cha methili, ambacho ni kaboni moja yenye hidrojeni tatu.

Umbo hili la tatu ndilo linaloingia mwilini, likabaki na kupanda kutoka kiumbe hadi kiumbe. Na mara nyingi ni chache tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya zebaki yote iliyomo majini.

Kwetu hakuna mgodi wala kiwanda. Zebaki imetoka wapi?

Imetoka angani. Zebaki tupu ikishakuwa mvuke hukaa hewani miezi kadhaa hadi karibu mwaka mzima, muda unaotosha kuvuka bahari na mabara. Hutoka kwenye makaa ya mawe yanayochomwa, viwanda vya saruji, volkano, na kwa wingi zaidi kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambako wachimbaji huichanganya na mchanga wa madini kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa mwaka 2015 shughuli za binadamu zilirusha hewani takriban tani 2,220 za zebaki, na uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichangia asilimia 38 hivi.

Huko angani mvuke hugeuka polepole kuwa ioni, nayo hushuka na mvua na vumbi. Lakini iko njia nyingine inayosahaulika, nayo ni majani. Jani linapofungua vitundu vyake kuvuta hewa, huvuta pia mvuke wa zebaki na kuuhifadhi. Jani likidondoka, zebaki hushuka nalo. Katika misitu mingi njia hii huleta zebaki ardhini kuliko mvua yenyewe. Mvua ikinyesha juu ya majani yaliyooza, maji yanayotiririka kuelekea bondeni huwa yamekwisha kupakia mzigo.

Kwa nini ardhioevu ndiyo inayotajwa sana, na si mto au ziwa?

Kwa sababu ardhioevu ina kila kitu ambacho kazi ya kutengeneza methilizebaki inakihitaji: maji yaliyotulia, mabaki ya mimea mengi, joto, salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni) au chuma, na tope lisilo na oksijeni milimita chache tu chini ya uso. Mto unaokwenda mbio huisafirisha zebaki. Kinamasi huipokea, huikalisha na kuigeuza.

Nani hasa anayeigeuza?

Ni vijidudu vya topeni. Mwaka 1969 Sören Jensen na Arne Jernelöv walionyesha kwamba tope la kawaida likitiwa zebaki isiyo na methili, baada ya muda methilizebaki huonekana, na kwamba tope lililouliwa vijidudu vyake halifanyi hivyo. Mwaka 1985 Geoffrey Compeau na Richard Bartha walikwenda mbele zaidi. Walichukua tope la mlango wa mto, wakalitia molibdeti, kemikali inayowazuia bakteria wanaopumua kwa salfeti. Utengenezaji wa methilizebaki ulishuka kwa zaidi ya asilimia 95.

Bakteria hao hutumia salfeti kama sisi tunavyotumia oksijeni. Wanakula mabaki ya mimea, wanapumua salfeti, na wanachotoa ni salfaidi, ile harufu ya mayai viza inayopanda ukikanyaga tope jeusi. Baadaye ilibainika kwamba hawako peke yao. Wamo pia baadhi ya bakteria wanaopumua kwa chuma na baadhi ya vijidudu wanaotengeneza gesi ya methani. Mwaka 2013 watafiti walitambua jeni mbili zinazofanya kazi hiyo, zilizopewa majina hgcA na hgcB. Kijidudu asiye na jeni hizo mbili hawezi. Ugunduzi huo ulibadilisha kazi ya uwandani, kwa kuwa leo tope linaweza kupimwa kujua kama watengenezaji wamo, hata kabla ya kupima sumu yenyewe.

Haijulikani wanafaidika nini. Nionavyo mimi, hilo ni miongoni mwa maswali mazuri zaidi yaliyobaki katika somo hili lote.

Kama ni hivyo, salfeti ikizidi methilizebaki nayo huzidi?

Hadi kiwango fulani, ndiyo. Kisha mambo hugeuka. Naomba msomaji asiruke jibu hili, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi ya usimamizi hufanyika.

Salfeti ikiwa haba, bakteria wana njaa ya kupumulia na kazi huzorota. Ikiongezeka kidogo, wanachangamka, na methilizebaki hupanda. Ikiongezeka zaidi, salfaidi wanayoitoa hulimbikizana kwenye maji ya topeni na kuishika zebaki katika maumbo ambayo bakteria hawawezi kuyapitisha kwenye utando wa seli zao. Uzalishaji hushuka. Kwa hiyo sehemu ya hatari ni ile ya katikati.

Everglades, kinamasi kikubwa huko Florida nchini Marekani, ndiko hali hii ilikosomwa kwa undani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 samaki wa huko walikutwa na zebaki nyingi kiasi cha watu kuonywa wasiwale. Zebaki yenyewe ilikuwa ikishuka kutoka angani juu ya eneo zima, lakini sumu haikulingana kila mahali. Salfeti ilikuwa ikiingia na maji ya mifereji kutoka mashamba ya kaskazini. Karibu kabisa na mifereji salfaidi ilikuwa nyingi mno, na methilizebaki ilikuwa chini kuliko ambavyo mtu angetarajia. Mbali ndani ya kinamasi, ambako salfeti ilifika ikiwa imepungua, ndiko ilikopanda. Maana yake ni kwamba ukipunguza salfeti nusunusu tu mahali ilipokuwa imezidi, unaweza kulisukuma eneo hilo kuingia kwenye ile sehemu ya katikati. Si sababu ya kuacha kuipunguza. Ni sababu ya kupima kila hatua na kuwaambia watu ukweli kwamba huenda hali ikaharibika kabla ya kutengemaa.

Ukame na mafuriko vina athari gani?

Kubwa. Kinamasi kikikauka, hewa huingia kwenye tope. Salfaidi iliyokuwa imetulia huungana na oksijeni na kurudi kuwa salfeti, na mboji huanza kuoza upesi na kuachia zebaki iliyokuwa imeishika. Maji yakirudi, bakteria hukuta meza imeandaliwa: salfeti mpya, chakula kipya, zebaki iliyofunguliwa. Ndani ya majuma machache methilizebaki hupanda ghafla. Everglades iliona hayo baada ya ukame na mioto ya mwaka 1999.

Mabwawa mapya hufanya vilevile, na zaidi. Katika eneo la majaribio la maziwa lililoko Ontario, Kanada, kinamasi kidogo kilifunikwa kwa maji makusudi mwaka 1993 ili kuona bwawa la umeme linavyoanza maisha yake. Methilizebaki iliyotoka hapo iliongezeka zaidi ya mara 30. Mboji na majani yaliyozama yakawa chakula cha bakteria, na oksijeni ikaisha. Kwenye mabwawa makubwa, samaki wanaokula wenzao huweza kubaki na zebaki ya juu kwa miaka 20 hadi 30 baada ya bwawa kujazwa.

Maji yetu yana rangi ya chai. Ni dalili mbaya?

Ni dalili ya mboji iliyoyeyuka, na mboji hiyo ina sura mbili. Huibeba zebaki, kwa kuwa vipande vyake vya salfa huishika kwa nguvu kuliko karibu kitu kingine chochote majini. Ndiyo maana baada ya mvua kubwa rangi ya maji na zebaki hupanda pamoja. Huwalisha bakteria pia, na huweza kuzuia zebaki na salfaidi zisigandamane kuwa punje kubwa, hivyo zebaki hubaki katika hali wanayoweza kuichukua. Upande wa pili, zebaki iliyoshikwa na molekuli kubwa za mboji haipenyi kirahisi kwenye seli za mwani. Kwa hiyo maji ya rangi ya chai hayana jibu moja. Pima.

Je, kuna kinachoivunja methilizebaki?

Lipo jua. Mwanga, hasa miale ya urujuanimno, huukata ule mfungo wa kaboni na zebaki. Kwenye maji maangavu na ya kina kifupi kazi hii ni kubwa. Chini ya nyasi zilizosongamana au kwenye maji meusi mwanga haufiki mbali. Mwanga huohuo hugeuza pia sehemu ya ioni kuwa zebaki tupu inayorudi hewani, ndiyo maana uso wa maji mchana wa jua hupumua zebaki.

Wapo pia bakteria wenye jeni ziitwazo mer. Kimeng'enya kimoja hukata mfungo, kingine huifanya ioni kuwa zebaki tupu. Hawa hufanya kazi zaidi mahali penye uchafuzi mkubwa. Kiasi cha methilizebaki unachokipima siku yoyote ni tofauti tu kati ya kinachotengenezwa na kinachovunjwa, na vyote viwili vinaendelea kwa wakati mmoja.

Inatengenezwa topeni tu?

Hapana. Chukua bua la nyasi lililozama kwenye kinamasi, ulitoe taratibu. Utaona limevikwa ganda laini, lenye rangi ya kijani nje na kahawia ndani, linaloteleza mkononi. Ganda hilo ni jamii nzima ya mwani, kuvu na bakteria katika unene wa milimita chache. Mchana mwani wa nje hutoa oksijeni hadi mapovu yakaonekana. Usiku mwani huo nao huvuta oksijeni, na sehemu za ndani hukosa hewa kabisa. Hapo wapumuaji wa salfeti huamka, wakilishwa sukari ambayo jirani zao waliitengeneza mchana. Methilizebaki inayozaliwa humo haihitaji kusafiri kutoka topeni: konokono na mabuu ya wadudu wanaoparuza ganda hilo huila moja kwa moja.

Mizizi nayo ina yake. Mimea ya majini hupitisha oksijeni hadi mizizini na kuivuja kwenye tope, hivyo kila mzizi umezungukwa na ukanda mwembamba ambapo salfaidi hurudi kuwa salfeti, hatua chache tu kutoka kwa bakteria wanaoisubiri.

Inafikaje kwa samaki kwa wingi hivyo?

Mruko mkubwa kuliko yote ni wa kwanza, kutoka majini hadi kwenye mwani. Hapo methilizebaki hukolea mara makumi elfu au zaidi. Baada ya hapo kila mlaji huongeza mara kadhaa juu ya aliyeliwa, kwa kuwa methilizebaki hujishika kwenye protini na hutoka mwilini polepole mno. Mwisho wa safari, samaki mkubwa anayekula wenzake anaweza kuwa na mkolezo mara milioni au zaidi ya maji anayoogelea, na kwenye nyama yake zaidi ya asilimia 90 ya zebaki ni methilizebaki.

Ndege wamo pia. Watafiti wa Florida waliwalisha kwarara weupe waliofugwa kiasi kidogo cha methilizebaki, viwango vinavyokutwa porini. Madume yalibadilika tabia ya kutafuta majike, na makinda yalipungua. Hakuna ndege aliyeonekana mgonjwa. Kwangu mimi hilo ni la kutisha kuliko mizoga, kwa sababu hakuna mtu angeliona bila kuhesabu viota.

Hii ndiyo sumu ya Minamata?

Sumu ni ileile, njia ni nyingine. Kule Japani, kwenye ghuba ya Minamata, ambako ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, methilizebaki ilitoka ndani ya kiwanda cha kemikali na kumwagwa ikiwa tayari. Kwenye ardhioevu hutengenezwa papo hapo na vijidudu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulipewa jina la mji huo. Ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017.

Mashamba ya mpunga je?

Shamba la mpunga lililofurika ni ardhioevu, na bakteria hawatofautishi. Katika eneo la Wanshan, mkoa wa Guizhou nchini China, palipochimbwa zebaki kwa karne nyingi, ilithibitika kwamba kwa wakazi wengi mchele ndio uliowafikishia methilizebaki, kuliko samaki. Punje huipokea methilizebaki kirahisi kuliko ioni ya kawaida. Kuacha shamba likauke kwa vipindi hupunguza uzalishaji, ingawa kila kukausha na kufurisha upya kuna hesabu yake, kama nilivyoeleza.

Nikipika samaki vizuri, au nikitoa ngozi na mafuta, sumu inaondoka?

Haiondoki. Imo kwenye nyama. Kinachosaidia ni kuchagua: samaki wadogo, wenye umri mdogo, wanaokula mimea au wadudu, badala ya wakubwa wanaokula wenzao. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo ndio wa kuangaliwa kwanza, kwa kuwa methilizebaki hupita kondo la nyuma na kuingia kwenye ubongo unaojengeka. Mwili wa mtu mzima huchukua siku 50 hivi kutoa nusu ya iliyomo, kwa hiyo anayepanga kubeba mimba ana sababu ya kuanza kuchagua miezi kadhaa kabla. Samaki bado ni chakula bora, na kumwacha kabisa ni hasara.

Maji yetu yamepimwa na kuambiwa ni salama kunywa. Kwa nini tuhofie samaki?

Kwa sababu vipimo viwili hivyo vinajibu maswali tofauti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 za zebaki isiyo na methili kwa lita. Methilizebaki inayotosha kuharibu samaki wa kinamasi mara nyingi haifiki nanogramu moja (sehemu ya elfu ya mikrogramu) kwa lita, yaani chini ya kiwango hicho kwa maelfu ya mara. Karatasi ya maabara inayosema maji ni safi inasema kweli, na bado samaki wanaweza kuzidi kikomo. Ndiyo maana huwa napendekeza fedha zikiwa kidogo zipime samaki wadogo wa umri mmoja, kila mwaka, mahali palepale.

Sampuli ya maji inachukuliwaje?

Kwa uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Chupa huoshwa kwa asidi na kufungwa kwenye mifuko miwili. Watu wawili huenda pamoja, wote na glavu: mmoja hugusa mfuko wa nje na vifaa vingine vyote, mwingine hugusa chupa tu. Husogea kutoka upande maji yanakoelekea, bila kuchafua tope. Hata pumzi ya mtu aliyezibwa meno kwa mchanganyiko wa zebaki inaweza kuharibu sampuli, kwa hiyo hageukii chupa iliyo wazi. Kisha maji huchujwa, hutiwa asidi, na kuwekwa gizani penye baridi. Sampuli iliyochotwa kwa chupa ya soda ni afadhali isipimwe kabisa, maana itatoa namba, na watu wataiamini.

Basi si tukaushe vinamasi?

La. Mboji iliyokaa miaka maelfu imeifungia zebaki nyingi, na ukiikausha au ikaungua unaifungulia iende hewani na mitoni. Kinamasi huzuia mafuriko, hulea samaki na huchuja maji. Cha kufanya ni kusimamia: kuepuka kukausha na kufurisha mara kwa mara bila sababu, kupunguza salfeti kutoka mashambani na migodini, na kwenye ardhioevu inayotengenezwa upya, kuacha bwawa lenye maji maangavu kwenye njia ya kutokea ili jua lifanye kazi yake kabla maji hayajaingia mtoni.

Zebaki ya angani ikipungua, samaki watapona lini?

Kwenye eneo lilelile la Ontario, kuanzia 2001 hadi 2007, watafiti waliongeza zebaki kwenye ziwa dogo na bonde lake, wakitumia isotopi (aina za zebaki zinazotofautiana kwa uzito wa atomi) tofauti kwa ziwa, kwa msitu na kwa kinamasi, ili kila moja itambulike ilikotoka. Zebaki iliyowekwa ziwani moja kwa moja ilionekana kwenye samaki upesi. Iliyowekwa msituni na kwenye kinamasi haikuchangia karibu chochote katika miaka hiyo: ilikuwa bado imeshikwa na udongo na mboji. Walipoacha kuongeza, ile ya ziwani ilipungua kwa hadi asilimia 91 katika viumbe wa ngazi za chini, na kwa asilimia 38 hadi 76 katika jamii za samaki wakubwa, ndani ya miaka minane.

Kwa hiyo maji yanayopokea zebaki yake moja kwa moja kutoka angani yanaweza kuanza kupona ndani ya miaka michache baada ya moshi kupungua. Yanayolishwa na mabonde yenye mboji nyingi yatasubiri zaidi, kwa kuwa mzigo wa zamani utaendelea kuvuja. Anayepanga miradi ya miaka mitatu aelezwe hivyo mapema, na fedha za upimaji zitengwe kwa muda mrefu kuliko fedha za ujenzi.